Skyrim, Witcher 3, Elden Ring au Baldur's Gate 3: saa yako moja ya usiku uipe ipi?

Muulize mtu gemu gani ya njozi ni tamu, atakujibu kwa ukubwa: ramani yake haina mwisho, ina saa mia na zaidi za kucheza, picha zake ni kali. Majibu hayo yanamfaa anayeuza. Wewe unayenunua huna saa mia. Una saa moja baada ya chakula cha usiku, taarifa ya habari ikishaisha na TV ikawa huru, na labda mbili Jumamosi. Kwa hiyo hapa nazilinganisha gemu nne maarufu kwa kipimo kingine: ukikaa nayo saa moja kisha ukazima, umeondoka na nini?

Zenyewe ni Skyrim ya Bethesda kutoka Marekani, iliyotoka 2011. The Witcher 3 ya CD Projekt Red kutoka Poland, ya 2015. Elden Ring ya FromSoftware kutoka Japani, ya 2022. Na Baldur's Gate 3 ya Larian kutoka Ubelgiji, ya 2023. Hizo tatu za mwisho kila moja ilitwaa gemu bora ya mwaka kwenye tuzo za The Game Awards. Skyrim ilitoka kabla tuzo hizo hazijaanzishwa, lakini mpaka leo inauzwa na inachezwa. Zote ni RPG: unaingia kwenye ngozi ya mtu mwingine, unampa silaha au uchawi, naye anakua kadiri unavyocheza. Baada ya hapo kila moja inashika njia yake.

Saa moja ndani ya kila moja

Skyrim inaanza ukiwa umefungwa mikono juu ya mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa, mara joka linatua na hukumu inavurugika. Ukishatoroka, unaachiwa dunia. Unaambiwa upande mlima ukawaone wazee watawa wa High Hrothgar, nawe unaanza safari kwa nia njema kabisa. Njiani dira ya juu ya skrini inaonyesha alama ya mahali usipopajua: pango, mnara uliobomoka, kambi ya majambazi. Unachepuka kidogo tu. Ndani unakuta kitabu, kitabu kinataja hazina ya bonde jirani, na saa inaisha mlima hujaugusa. Utamu wa Skyrim ndio huo, kuchepuka bila adhabu. Majoka yanaweza kuwa yanateketeza nchi, wewe unachuma maua na kuuza kabichi, na hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi.

Ubaya wake unaonekana siku hamu ya kuchepuka inapokata. Mapango mengi yanafanana, maiti wanaoamka makaburini ni wale wale, na upanga hauna uzito: unabonyeza, damu ya adui inapungua, basi. Hadithi kuu ya joka Alduin ni ya kawaida mno kwa gemu yenye sifa kubwa namna hii.

Saa moja ya Witcher 3 mara nyingi ina mwanzo, katikati na mwisho. Unamcheza Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa malipo. Huko White Orchard, eneo la kwanza kabisa, kuna mtu anayetaka mzuka uondolewe kwenye kisima kilichohamwa, maana binti yake anaumwa na anahitaji maji safi. Unakwenda, unapekua magofu, unasoma shajara ya mtu aliyekufa, unashuka kisimani kutafuta bangili, unaiteketeza pamoja na mabaki ya mwili, ndipo mzuka unajitokeza mpambane. Ukirudi kuchukua malipo, una uhuru wa kuyakataa. Kwa gemu nyingine kazi ya pembeni kama hiyo ingekuwa "ua mbwamwitu kumi, rudi uchukue pesa". Hapa unazima TV ukiwa umepata kisa kizima, pamoja na huzuni kidogo juu ya mwanamke ambaye hukumwona akiwa hai. Kwa mtu mwenye saa moja, sijui gemu inayoitumia vizuri kuliko hii.

Elden Ring ni habari nyingine kabisa. Unatoka handakini, nchi inafunguka mbele yako, mti wa dhahabu unang'aa mbali, na mbele tu kuna shujaa aliyevaa dhahabu akizunguka na farasi wake. Mgeni anadhani shujaa huyo amewekwa pale apigwe. Anakufa. Anarudi, anakufa tena, anarudi na hasira, anakufa haraka zaidi. Mtengenezaji amemweka pale ili ujifunze kumpita pembeni, ila hilo hakuna atakayekwambia. Hakuna orodha ya misheni, hakuna mshale wa kukuelekeza, isipokuwa miale hafifu ya nuru inayotoka kwenye vituo vya kupumzikia. Ukifa, rune zako zote zinabaki ulipoangukia, na rune ndizo pesa, tena ndizo za kupandia levo. Ukifa mara ya pili kabla hujazifuata, zimekwenda. Kwa hiyo saa yako ya kwanza inaweza kuisha huna cha kuonyesha. Ya pili vilevile.

Halafu unakutana na Margit, anayekaa mlangoni mwa ngome ya Stormveil. Anainua fimbo, unaruka, lakini yeye amechelewesha pigo makusudi na linakukuta unatua. Hiyo hila anairudia na kuirudia mpaka mwili wako unaijua kabla akili haijaisema. Usiku mmoja anainua fimbo, wewe unasubiri, anashusha, unakwepa, unachoma. Mhusika wako pengine ana levo ile ile ya jana. Aliyekua ni wewe. Anapoanguka unajikuta umesimama katikati ya sebule. Furaha ya aina hiyo hizo nyingine tatu hazina, wala sioni namna ya kuipata kwa bei nafuu zaidi. Bei yake ni usiku kadhaa mtupu, na mwenye saa moja aingie akilijua hilo.

Katika Baldur's Gate 3 mapigano yanakwenda kwa zamu kama bao: unacheza, unasubiri, mwenzako anacheza. Sheria zake zimetoka kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Marekani, pamoja na ile dadu ya pande 20. Vita moja kubwa inaweza kula saa yako yote. Mazungumzo nayo vilevile, maana ukitaka kumshawishi mtu, kumtisha au kumdanganya, dadu inarushwa mbele ya macho yako. Chukua kambi ya majini wadogo wanaoitwa goblini, katika sehemu ya kwanza. Unaweza kuivamia na mapanga. Unaweza kuingia kwa maneno, ukajifanya mwenzao. Unaweza kutia sumu kwenye pipa la pombe yao na kusubiri. Unaweza hata kuungana nao dhidi ya wakimbizi waliokuomba msaada. Watu wawili watacheza saa ile ile, na kesho wakisimuliana watadhani wamenunua gemu mbili tofauti.

Wewe ni nani humo ndani?

Hapa ndipo naona utamu wa RPG unapoamuliwa, na hapa ndipo matangazo yanapodanganya zaidi. Uhuru wa kuwa yeyote si sawa na dunia kukutambua.

Skyrim inakupa makabila 10 ya kuchagua na haikufungi kwenye kazi yoyote. Unachokitumia ndicho kinachokua: ukipiga mishale, upinde unapanda, ukipigwa ukiwa na deraya nzito, ustadi wa kuivaa unapanda. Mfumo huo ni mzuri ajabu, na una kichekesho chake. Karibu kila mtu, hata aliyeapa kuwa mchawi, anaishia kuchutama gizani na upinde mkononi kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote. Ila dunia haikujibu. Unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold huku umerusha uchawi wa kuhesabika. Ukivaa taji hilo, mlinzi wa mjini bado atakusemesha kama kibarua aliyeshuka basi leo.

Witcher 3 inafanya kinyume. Huchagui jina, sura wala jinsia. Wewe ni Geralt, ana mvi, ana kovu, ana wapenzi wa zamani na deni la ulezi kwa Ciri, msichana unayemtafuta sehemu kubwa ya gemu. Wapo wanaosema hiyo si RPG. Siwaelewi. Kwa kuwa waandishi wanamjua mhusika wao, wanaweza kumweka kwenye mtego wenye maana. Kisa cha Baroni wa Velen, mlevi aliyempiga mkewe na sasa anamtafuta kwa machozi, kinakulazimisha uamue bila kujua matokeo, na matokeo yanakuja baadaye wakati umeshasahau. Hakuna jibu safi. Nimeona watu wakibishana juu ya baroni huyo kwa ukali wa kikao cha ukoo.

Baldur's Gate 3 imejaribu kushika vyote viwili, na mara nyingi imefaulu. Kuna madaraja 12, yaani aina za wahusika, ya kuanzia, kuanzia mpiganaji hadi mchawi hadi mwimbaji, na dunia inakumbuka ulichochagua: ukiwa wa kabila la drow, watu wa chini ya ardhi, goblini wale wale wanakupisha kwa heshima na hofu. Ukijua uchawi wa kuongea na wanyama, panya na ng'ombe wana maneno ya kukwambia. Wenzako wa safari, akina Astarion, Shadowheart na Karlach, wanakupenda au kukuchukia kwa unayotenda, na mmoja anaweza kuondoka. Nguo iliyoshonwa kwa nyuzi nyingi hivyo haikosi uzi uliofumuka: sehemu ya tatu, ndani ya jiji lenyewe, ina mambo mengi mpaka yanakanyagana, na kompyuta dhaifu inahema hapo kuliko kwingine.

Elden Ring haijali wewe ni nani kwa jina. Mhusika wako haongei. Utu wako humo ni silaha uliyobeba na namna unavyokwepa. Hadithi ipo, na msingi wake wa kale uliandikwa na George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vya Game of Thrones, lakini imefichwa kwenye maelezo ya panga, pete na mifupa. Ukipenda kuichimba, utachimba. Usipopenda, hupotezi mapigano hata moja.

Kusimamisha, kusevu, umeme

Haya ndiyo mambo ambayo wahakiki huyaruka, na sisi huku ndiyo yanayotuumiza.

Mama akikuita katikati ya mapigano, Skyrim na Witcher 3 unazisimamisha kwa kitufe. Baldur's Gate 3 ikifika zamu yako itakungoja hata ukale kwanza. Elden Ring haisimami: ukifungua menyu, adui anaendelea kuja. Mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba alipime hilo kabla ya kulipia.

Umeme ukikatika, Skyrim inakuruhusu kusevu wakati wowote, hata adui akiwa amekushika koo, hivyo kinachopotea ni kile ulichozembea. Baldur's Gate 3 hali kadhalika, kwa kiwango cha kawaida. Witcher 3 inakataa kusevu ukiwa vitani. Elden Ring inajisevu yenyewe kila mara kwenye faili moja, kwa hiyo hupotezi mengi, lakini pia hakuna kurudi nyuma: umemuua muuza duka kwa bahati mbaya, amekufa.

Kwa ugumu nako Elden Ring iko peke yake. Hizo tatu zina viwango vya kuchagua, kuanzia cha mtu anayetaka hadithi tu. Elden Ring haina kiwango hata kimoja cha kupunguza. Ina msaada wa aina nyingine: unaweza kuita mizimu ikupiganie, kuita wachezaji wengine mtandaoni, au kumwacha bosi, yaani adui mkuu, na kwenda kuzurura na farasi mpaka upate nguvu. Wako wenye kiburi wanaosema kuita mizimu si kucheza. Wapuuze. Mizimu imewekwa ili itumike.

Kiingereza chake

Hakuna hata moja kati ya hizi yenye Kiswahili, si sauti wala maandishi. Kwa hiyo swali la lugha ni la kweli, hasa ukimnunulia mdogo wako.

Kiingereza cha Skyrim ni chepesi na kinasemwa taratibu. Witcher 3 ina lafudhi za vijijini, matusi na mizaha, na mara chache inakupa sekunde kadhaa tu za kuchagua jibu. Elden Ring ina maneno machache, ila ni ya kizamani yenye mafumbo. Bahati nzuri unaweza kucheza bila kuelewa nusu yake. Baldur's Gate 3 ndiyo mzigo. Kila uchawi una aya yake, kila mazungumzo yana matawi, na asiyesoma hawezi kuifaidi. Kwa upande mwingine haikukimbizi: sentensi itakaa kwenye skrini mpaka umalize, na maneno mengi ya kitaalamu ukiyaelekezea kishale yanajieleza.

Jambo la sebuleni nalo tuliseme. Witcher 3 na Baldur's Gate 3 zina matukio ya kitandani. Baldur's Gate 3 ina mpangilio wa kuficha utupu, uwashe mapema kabla shangazi hajapita na sinia la chai.

Mashine na bando

Skyrim Special Edition inahitaji nafasi ya GB 12. Witcher 3 ni kama GB 50, Elden Ring GB 60, na Baldur's Gate 3 GB 150, tena waliotengeneza wanataka ziwe kwenye SSD, yaani diski ya kasi. Kwa anayepakua kwa bando la simu, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua. Usinunue Baldur's Gate 3 kabla hujajua utaishusha wapi.

Kwa kompyuta, Skyrim ndiyo rafiki wa mashine ya zamani, halafu Witcher 3. Elden Ring inataka RAM ya GB 12 kwa uchache, na kadi ya picha ya daraja la GTX 1060. Ukiwa na PS4, tatu za kwanza zinaingia. Baldur's Gate 3 haipo kwa PS4, ni PS5, Xbox Series, kompyuta na Mac. Skyrim ya kompyuta ina faida moja ya ziada ambayo ni kubwa: wachezaji wenyewe wametengeneza maelfu ya nyongeza za bure, kutoka sura mpya za miji hadi misheni nzima, na ndizo zilizoipa maisha marefu. Ziongeze chache kwa wakati mmoja, la sivyo itakuwa inakugomea kuwaka.

Na vibanda vya gemu? Kwa hizi, sahau. Kule unalipia mechi au saa, na anayekuja baada yako anaweza kufuta safari yako yote bila hata kujua.

Nani achukue ipi

Kama hujawahi kucheza RPG yoyote na bajeti ni ndogo, chukua Skyrim. Inasamehe, inachezeka popote, na itakuonyesha haraka kama wewe ni mtu wa kuzurura au wa hadithi.

Kama unapenda kisa kuliko panga, na unajua utakuwa na saa moja moja ya kuunga, Witcher 3. Hii ndiyo ninayompa mtu nisipomjua vizuri. Vumilia White Orchard hadi mwisho. Wengi huiacha hapo wakidhani ndiyo gemu yenyewe.

Kama mnacheza wawili nyumbani, hakuna mjadala: Skyrim na Witcher 3 ni za mtu mmoja, wakati Baldur's Gate 3 inagawa skrini kwa wawili na mtandaoni inafika wanne. Maandishi yatakuwa madogo, sogeeni karibu na TV. Ni ya kwako pia ukiwa mtu wa kukaa na jambo, kupanga, kujaribu mlango wa nyuma kabla ya mlango wa mbele.

Elden Ring sikushauri kwa kusifiwa na wengine. Chukua kama kushindwa kunakupa hamu ya kujaribu tena badala ya kukuondolea usingizi. Anza na daraja lenye ngao na deraya, kama Vagabond, mpite yule wa dhahabu pembeni, na tumia rune zako mapema kabla hujaziangusha.

Kwa upande wa nyongeza za kununua, Witcher 3 inunue kwenye toleo kamili. Linakuja na Hearts of Stone na Blood and Wine, na hiyo ya pili ina nchi yake nzima, Toussaint, ambayo wengine tunaipenda kuliko gemu yenyewe. Ya Elden Ring, Shadow of the Erdtree ya 2024, iache dukani kwanza: mlango wake haufunguki mpaka uwe umewashinda maadui wakuu wawili, Radahn na Mohg, na kwa saa moja ya usiku, Mohg yuko mbali sana.